Maradhi ya Kutoweza Kuzuia Haja Kubwa, Yatazamwapo kutoka Riruta

Miongoni mwa maradhi yamtengayo mwanadamu na wenziwe bila ya kumuua, ni machache yaliyofunikwa kwa pazia zito kama kushindwa kuzuia haja kubwa. Mwenye kisukari hueleza hadharani kuwa sukari imempanda, na mwenye shinikizo la damu huwaonyesha jirani vidonge vyake. Lakini yule ambaye choo humponyoka kabla hajafika msalani huificha hali hiyo kwa mume au kwa mke, kwa watoto aliowazaa, na aghalabu hata kwa tabibu aliyemwendea kwa ajili ya uele mwingine. Hufua nguo zake usiku watu wakiwa wamelala, hujinyima chakula akijua kuwa kesho ana safari, na taratibu hujiondoa katika chama, katika mazishi, katika arusi na katika nyumba za ibada, hata watu wakadhani kwamba ameingiwa na kiburi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kuwa katika kila watu wazima 100 waishio majumbani mwao, 8 hivi walikuwa na taabu hii kwa kadiri moja au nyingine; nami sioni sababu ya kuamini kwamba miili ya watu wa mitaa yetu ya Nairobi, yaani Riruta, Kawangware, Kabiria na Waithaka, imeumbwa kwa namna iliyo tofauti na hiyo. Kilicho tofauti ni kwamba huku kwetu hawahesabiwi.

Lile ninalotaka kulieleza katika uchambuzi huu ni kwamba kuzuia haja si kazi ya misuli peke yake, bali ni mapatano ya mambo matatu: lango la mwili pamoja na mishipa yake ya fahamu, hali ya choo chenyewe kama ni kigumu au chepesi, na umbali ulioko baina ya mtu na msala. Moja likidhoofu, mawili yaliyobaki yaweza kumstahimilia mtu kwa miaka mingi asijue kuwa ana upungufu. Mawili yakidhoofu pamoja, mapatano hayo huvunjika. Na kwa kuwa mambo ni hayo, tiba yaweza kuanzia katika lolote kati ya hayo matatu, hata pale ambapo lango lenyewe haliwezi tena kutengenezwa. Wengi katika sisi hufikiri kwamba ugonjwa huu ama huponywa kwa kisu cha mganga mkuu ama hauponi kabisa, na fikira hiyo, pamoja na aibu, ndiyo iliyowafungia ndani watu ambao wangalipata nafuu kubwa kwa vitu vya bei ndogo.

Tuanze na lango. Lina walinzi wawili. Wa ndani ni msuli uzungukao mwisho wa puru, nao hauamriwi na mtu; hubana usiku na mchana, akilala na akiamka, na ndio utendao sehemu kubwa ya kazi wakati wa utulivu. Wa nje hutii amri, nao hukazwa pale haja inapokuja mahali pasipo pake, lakini huchoka upesi, kwa hiyo kazi yake ni kumpa mtu fursa ya kuondoka kwa staha na wala si kumlinda kutwa. Juu yao kuna msuli mwingine ulioizunguka puru kwa nyuma na kuivuta mbele, ukafanya kona katika njia, na kona hiyo ndiyo izuiayo choo kigumu kushuka. Vyote hivi hupata habari na amri kwa mishipa ya fahamu itokayo chini kabisa ya uti wa mgongo, na ngozi ya tupu ya nyuma imejaliwa hisia kali kiasi cha kupambanua upepo, maji na choo kigumu kabla mtu hajaamua la kufanya.

Maelezo haya si mapambo. Mgonjwa asemaye, "Nahisi haja lakini sifiki," na mgonjwa asemaye, "Naona nguo imechafuka na sikuhisi kitu," wana maradhi mawili, ingawa fedheha yao ni moja. Wa kwanza aghalabu mlinzi wake wa nje amejeruhiwa, au puru yake imewashwa na uvimbe au kuhara hata haiwezi kupokea kitu. Wa pili mara nyingi mlinzi wa ndani amelegea au hisia zimekufa. Wa tatu hutoka msalani akidhani amemaliza, na baada ya muda mfupi kidogo kilichobaki kikamtoka, naye huenda akahitaji tu kufunzwa namna ya kukaa na kumaliza haja yake. Tabibu akiuliza kwa makini na kusikiliza kwa subira, atakuwa amekwisha fika nusu ya njia kabla ya kugusa chombo chochote.

Sasa tuutazame umbali, jambo ambalo vitabu vya utabibu hulipitia mbio, na ambalo Riruta halipitiki. Sehemu kubwa ya wakazi huishi katika ploti: safu mbili za vyumba vya mabati au vya mawe zinazotazamana, ua mwembamba katikati wenye kamba za nguo, na mwisho wa ua, karibu na lango au nyuma kabisa, misala inayotumiwa na nyumba zote. Misala hiyo hufungwa kwa kufuli ili wapita njia wasiingie, na kila nyumba huwa na ufunguo wake umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alfajiri, baina ya saa kumi na moja na saa moja, wakati wafanyakazi wanapojitayarisha kwenda mjini na watoto kwenda shule, watu husimama pale wakingoja zamu, kila mmoja na ndoo yake ya maji. Saa hizo ndizo utumbo mpana unapoamka na kusukuma kwa nguvu kuliko saa nyingine zote za siku, hasa baada ya kikombe cha chai ya moto. Mtu ambaye mwili wake humpa dakika moja tu ya onyo, na ambaye lazima avae, atafute ufunguo, avuke ua, asalimiane na jirani na kungoja wawili walio mbele yake, hana maradhi makubwa kuliko mwenzake wa mtaa wa kitajiri wa Lavington ambaye msala uko hatua nne kutoka kitandani. Lakini yule wa Lavington ataitwa mtu mwenye tumbo la haraka, na huyu wa Riruta ataitwa mtu anayejinyea. Ongeza juu ya hayo foleni ya magari ya Ngong Road jioni, wakati matatu husimama nusu saa mahali pamoja na abiria amebanwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, utaona ni kwa nini baadhi ya watu wameacha kazi za mjini pasipo kumwambia mtu sababu ya kweli.

Katika sababu zinazoharibu lango lenyewe, ya kwanza kwa wanawake ni uzazi. Mtoto anapotoka, ngozi na misuli iliyoko baina ya tupu mbili yaweza kuchanika, na wataalamu hugawa mchaniko huo katika daraja nne: ya kwanza ni ngozi tu, ya pili hufika kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, ya tatu huufikia msuli wa walinzi tuliowataja, na ya nne huupasua mpaka ndani ya puru. Mwaka 1993 daktari Abdul Sultan na wenzake wa London walichapisha uchunguzi uliowashtua wakunga wa dunia nzima. Waliwapima wanawake kwa mawimbi ya sauti kabla na baada ya kujifungua, na wakakuta kwamba katika waliozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, 35 katika kila 100 walikuwa na jeraha katika misuli hiyo, ilhali wengi wao hawakuonekana na mchaniko wowote uliotiliwa shaka kwa macho. Walipopimwa wiki sita baada ya kujifungua, 13 hivi katika 100 walikuwa na dalili: upepo au choo kuponyoka, au haja inayokuja kwa kishindo kisichozuilika. Jeraha hilo laweza kukaa kimya miaka ishirini au thelathini, mama akiwa bado ana nguvu, kisha likajidhihirisha hedhi inapokoma na misuli inapoanza kupungua. Naye atasema ni uzee, kumbe ni mtoto wake wa kwanza.

Kwa sababu hiyo, kitendo kimoja kidogo katika chumba cha uzazi chaweza kuamua staha ya mwanamke kwa umri wake wote. Mkunga aliyefunzwa, kabla ya kushona, hutia kidole puruni na kuikagua misuli kwa ncha za vidole, akiuliza nafsi yake kama duara limekamilika au limekatika. Na akikuta limekatika, hamshoni mama pale pale kitandani kwa taa hafifu, bali humpeleka katika chumba cha upasuaji, penye mwangaza, usingizi wa dawa na mtaalamu, ili ncha mbili za msuli zitafutwe, zikamatwe na kuunganishwa tabaka kwa tabaka, kisha apewe dawa za kuzuia maambukizo na za kulainisha choo kwa siku kadhaa. Tangu tarehe 1 Juni 2013, ilipotangazwa kuwa kujifungua katika vituo vya umma nchini Kenya kungekuwa bure, mama wengi wa mitaa hii wameacha kuzalia chumbani na kwenda katika kituo cha afya cha Riruta, hospitali ya Mbagathi au hospitali ya taifa ya Kenyatta, na hiyo ni neema isiyo na shaka. Lakini palipo na mama wengi na wakunga wachache, kile kidole cha ukaguzi ndicho cha kwanza kuachwa, maana hakuna damu inayomwagika ya kumkumbusha mtu. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko ukosefu wa mashine yoyote.

Mbali na michaniko kuna nasuri, ambayo wengi huiita fistula: tundu linalobaki baina ya njia ya uzazi na kibofu, na pengine baina ya njia ya uzazi na puru, baada ya uchungu uliokawia siku mbili au tatu kichwa cha mtoto kikiwa kimeisaga nyama ya mama juu ya mfupa mpaka ikafa. Ile ya kibofu ndiyo iliyo nyingi. Ile ya puru ni chache zaidi, nayo hufanya choo na upepo vimtoke mama kwa njia ya mbele bila ya hiari. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta kuwa kiasi cha mwanamke 1 katika 100 nchini Kenya alisema amewahi kuona dalili za nasuri. Historia ya tiba yake katika sehemu zetu inastahili kukumbukwa kwa heshima. Reginald na Catherine Hamlin, madaktari mume na mke, walifika Ethiopia mwaka 1959 na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya nasuri Addis Ababa, ambamo matabibu wengi wa Afrika walijifunza ushonaji huo. Katika hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ameshona wanawake waliopasuliwa na uzazi na wengine waliopasuliwa kwa makusudi na watu wenye silaha. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianza mwaka 2009 kuwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa, baada ya kutambua kwamba tiba ya bure haimfai mwanamke asiyekuwa na fedha za kupandia basi. Huku Kenya, upasuaji huu hufanywa katika hospitali ya Kenyatta na katika hospitali ya Gynocare mjini Eldoret, na mgonjwa aliyeishi na nasuri muda mrefu aweza kushonwa akapona, ingawa tundu lililokwisha shonwa mara nyingi bila ya mafanikio huwa gumu kuliko lile la kwanza.

Sababu ya pili nitakayoikalia kitako ni ile ambayo hufanana na kinyume chake, na kwa hiyo hudanganya watu wengi mno: kufunga choo. Shosho, yaani bibi, wa miaka themanini, asiyetoka chumbani kwa sababu ya magoti, anayekunywa maji kidogo ili asisumbue watu kwa kwenda msalani, na anayemeza vidonge vya maumivu vyenye kodini, hukaa siku saba au kumi choo kikijikusanya puruni kama udongo mkavu. Puru iliyojaa hutanuka, na ikitanuka humwambia mlinzi wa ndani alegee; kisha choo kipya kinachotoka juu, kikiwa bado cha majimaji, hupenya pembeni mwa donge hilo na kutoka chini pasipo shosho kuhisi. Bintiye anayemuuguza huona maji tu. Huenda duka la dawa, akasema mama anaendesha, akauziwa vidonge vya kuzuia kuhara, na vidonge hivyo hulifunga donge zaidi. Nimekwisha ona nyumba zilizokata tamaa na zilizofikia kuwanyima wazee chakula kwa hali hii, ilhali kidole kimoja chenye glavu na mafuta kingaliwaonyesha chanzo katika dakika moja, na bomba la maji ya uvuguvugu lililotiwa puruni, likifuatwa na dawa ya kulainisha choo kwa majuma kadhaa, lingaliwarejeshea sitara yao. Kwa hiyo mtu mzee aanzapo kutokwa na majimaji, swali la kwanza ni hili: lini alipata choo kizuri kwa mara ya mwisho?

Kwa watoto habari ni hiyo hiyo, na huko nako kuna dhuluma ndani yake. Mtoto wa miaka sita au saba aliyekwisha zoea msala, aanzapo kuchafua kaputula yake shuleni, mara nyingi ni kwa sababu alipata choo kigumu kilichomwumiza, au aliogopa msala wa shule usiokuwa na mlango wala maji, akajizuia leo na kesho mpaka puru ikatanuka na kupoteza hisia. Hachafui kwa ukaidi. Hajui kuwa ametokwa. Kumchapa, kumtembeza na nguo yake mbele ya wenziwe, au kumlaza njaa ni kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake, na hofu hiyo humfanya ajizuie zaidi. Atakaye kumponya aitoe kwanza akiba iliyokwama, ampe dawa ya kulainisha kwa miezi kadhaa na si kwa siku tatu, na amkalishe msalani dakika tano mpaka kumi kila baada ya chakula, miguu ikiwa imekanyaga kitu ili aweze kusukuma. Wako wachache waliozaliwa na kasoro: utumbo usio na mishipa ya fahamu mwishoni, maradhi aliyoyaeleza Harald Hirschsprung wa Denmark mwaka 1886, au tundu la nyuma lisilofunguka, ambalo daktari Alberto Peña alibuni njia mpya ya kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto hao, pamoja na wenye mgongo wazi, huweza kupelekwa kwa wapasuaji wa watoto, mathalan katika hospitali ya Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Na kwa wale ambao upasuaji wa kwanza haukutosha, tangu mwaka 1990 iko njia ya daktari Malone, ya kukifungua kidole tumbo kwenye ngozi ya tumbo ili utumbo uoshwe kutoka juu kwa saa ijulikanayo, mtoto akaenda shule akiwa mkavu.

Mishipa ya fahamu nayo huharibika kwa njia nyingi: kisukari cha miaka mingi, kiharusi, usahaulifu wa uzeeni, na uti wa mgongo uliovunjika katika ajali za barabarani, za bodaboda zikiwa miongoni mwake. Huko Hurlingham, mwendo mfupi kutoka Dagoretti Corner, iko hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, na wanaoishi na jeraha hilo wana somo la kutufunza sote, maana wao hawangojei haja iwajie. Wao ndio huiendea. Kila siku au kila siku ya pili, kwa saa ile ile, baada ya kula na kunywa kitu cha moto, mgonjwa au msaidizi wake hutia dawa ya kuweka nyuma, hungoja kidogo, kisha huzungusha kidole chenye glavu taratibu puruni mpaka utumbo uitike na kujitoa wote. Akimaliza, siku nzima ni yake. Taratibu hii haihitaji umeme wala mtambo, na kanuni yake, kwamba puru tupu haina cha kuvuja, humfaa pia mtu mwenye miguu yake miwili.

Sababu nyingine nitazitaja kwa haraka: puru inayoshuka na kutokeza nje, upasuaji wa bawasiri uliokata msuli kupita kiasi, mionzi ya kutibu saratani ya mlango wa uzazi, na maradhi yoyote yaletayo kuhara kwa muda mrefu. Lakini damu katika choo, mwili kukonda, au mabadiliko ya choo yasiyo na sababu kwa mtu aliyepita miaka arubaini na mitano, hayo yapelekwe hospitali mapema. Na ganzi baina ya mapaja, ikija pamoja na miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka, si jambo la kungojea kesho. Ni la kwenda usiku huo huo.

Nije kwenye tiba kwa jumla, nikianza na hali ya choo, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kubadilishwa na ndiyo inayopuuzwa. Lango dhaifu laweza kuzuia choo kilichoshikamana, lakini haliwezi kuzuia maji. Mwenye choo chepesi na apunguze vile vinavyomlegeza, ambavyo kwa wengi ni chai ya maziwa mengi, kahawa, pombe, vyakula vya mafuta na pilipili, akiandika kwa majuma mawili alichokula na kilichofuata, maana matumbo ya watu hayalingani. Maganda ya mbegu za isabgol hukishika choo chepesi na hukilainisha kigumu, na hiyo ni tabia njema isiyopatikana katika dawa nyingi. Loperamidi, dawa ya bei nafuu iliyoko katika karibu kila duka la dawa, humezwa kwa kiasi kidogo kabla ya safari au kabla ya ibada, nayo hukaza mlinzi wa ndani pamoja na kupunguza mwendo wa utumbo. Sharti moja ni kuwa imekwisha thibitishwa kwamba mgonjwa si yule shosho wetu mwenye donge. Sukuma wiki, githeri, ndengu na papai humfaa aliyefunga choo, lakini humzidishia taabu mwenye haraka ya tumbo, na ushauri wa jumla wa kula mboga nyingi, unaotolewa kwa kila mtu bila ya kuuliza, umewadhuru wengine.

Baada ya choo, misuli. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya sakafu ya nyonga kwa wanawake waliokuwa wakivujwa na mkojo, na mazoezi hayo hufaa huku pia. Mtu hukaza kama anayezuia upepo usitoke mbele ya watu, bila ya kubana pumzi wala kukaza makalio, akahesabu mpaka tano na baadaye mpaka kumi, akalegeza kwa muda huo huo, na kurudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Matokeo hayaonekani kabla ya miezi mitatu hivi, na wengi huacha katika juma la tatu kwa kudhani kuwa hayafai. Ndiyo sababu ya kutaka mwelekezaji ambaye atathibitisha kwa kidole kwamba msuli ukazwao ndio wenyewe.

Upasuaji huja mwisho, isipokuwa kwa nasuri, kwa puru iliyotokeza na kwa mchaniko mpya. Kuunganisha upya msuli uliokatika zamani huleta nafuu nzuri mwanzoni, kisha nafuu hiyo hupungua kadiri miaka ipitavyo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi. Wajerumani, wakiongozwa na Klaus Matzel, walionyesha mwaka 1995 kwamba mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo ikichochewa kwa umeme hafifu, wagonjwa wengine huweza kuzuia tena. Lakini chombo hicho ni ghali kupita kipato cha mkazi wa kawaida wa Riruta. Ambaye yote yamemshinda aweza kufunguliwa njia ya choo tumboni, ikamwagikia katika mfuko. Watu huiogopa njia hii kuliko maradhi yenyewe, na hofu yao si ya bure, maana mifuko hugharimu fedha kila mwezi na haipatikani kila mahali. Walakini wako walioirudia kazi yao na majirani zao kwa sababu ya mfuko huo, baada ya miaka ya kujifungia.

Ama katika ibada, nimeona watu wakijiadhibu pasipo amri. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani na miongoni mwa Waislamu wengi wa Nairobi, mtu anayetokwa mfululizo bila ya hiari ni mwenye udhuru: hujisafisha, akajifunga vizuri, akatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akasali faradhi yake, na kimtokacho kwa ugonjwa wake hakimbatilishii. Kwa Wakristo, ambao ndio wengi Riruta, hakuna sheria ya udhu inayowazuia. Kilichowaondoa kanisani ni hofu ya harufu na umbali wa msala, na mchungaji aliye na busara aweza kulitengeneza hilo kwa benchi lililo karibu na mlango wa nyuma na ndoo ya maji safi.

Kinachobaki ni nani atakayeuliza. Mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, nao hupita nyumba kwa nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari. Hao ndio waingiao ndani ya ploti, na ndio waonao nguo zilizoanikwa usiku. Swali lao lisiwe, "Una tatizo lolote?", maana jibu lake siku zote ni hapana, bali liwe la waziwazi na la upole: "Mama, tangu ujifungue, upepo au choo hukuponyoka bila kupenda?" au, "Shosho, huwa unafika msalani kwa wakati?" Aulizwaye hivyo hutambua kwamba wako wengine kabla yake.

Na wakati tiba ikiendelea, au isipofaulu, umbali waweza kufupishwa leo hii. Mafundi seremala wa Ngong Road, wanaotengeneza vitanda na makochi kando ya barabara, wanaweza kuunda kiti imara chenye tundu, mikono ya kushikilia na nafasi ya ndoo yenye kifuniko chini yake, kikawekwa nyuma ya pazia chumbani. Ngozi ioshwe kwa maji matupu kila mara, ikaushwe kwa kugusagusa na wala si kwa kusugua, kisha ipakwe mafuta ya mgando ili isichubuke. Pampasi za watu wazima zibadilishwe mara zichafukapo, na kwa kuwa bei yake humaliza pesa za chakula, vitambaa vya pamba vilivyokunjwa na kufuliwa vizuri hufaa mahali pake. Na mwenye ploti, akijua kwamba mpangaji wake ni mgonjwa, ampe chumba kilicho jirani na msala kitakapokuwa wazi, kwa kodi ile ile, pamoja na msala mmoja usiofungwa kufuli mchana.